Kabla hujanunua nyumba, uliza kilicho chini ya vyumba vya uani

Juma hili sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na nyumba.

Nyumba yenyewe imo katika mtaa mmoja wa hapa Nakuru. Sitautaja, kwa kuwa wenyewe wameniruhusu kusimulia yaliyowapata lakini si kuwaanika. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala, ua mpana na miparachichi miwili. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa jirani, pana vyumba viwili vilivyojengwa baadaye, vile ambavyo wengi wetu tumezoea kuviita SQ.

Dalali aliwaambia wanunuzi, mume na mke ambao wote wameajiriwa, kwamba vyumba hivyo vya uani ndivyo faida ya nyumba. Kimoja angelala yaya, na kingine kingekodishwa kwa mwanafunzi wa chuo ili kodi isaidie kulipa mkopo wa benki. Wakili akafanya upekuzi katika sajili ya ardhi. Hatimiliki ilikuwa safi, haina deni wala zuio. Basi wakanunua, wakahamia mwezi wa Januari.

Mwezi wa Machi yaya akaletwa kwangu akiharisha. Aprili, mvua ndefu zilipoanza, akaja yule mwanafunzi mpangaji akiwa na homa ya zaidi ya wiki moja, kichwa kikimuuma na tumbo likimsokota. Damu yake ilipooteshwa maabarani ilitoa vijidudu vya homa ya matumbo. Mei yaya akarudi. Juni akaletwa mtoto wa miaka minne wa wenye nyumba, akiharisha damu, macho yamedidimia kwa kuishiwa maji. Alilazwa siku nne.

Naungama kwamba nilimtibu kila mmoja wao kana kwamba hajuani na mwenzake. Ni mtoto alipolazwa ndipo nilipoyaweka majina yote kwenye karatasi moja. Baba na mama hawakuwa wameugua hata siku moja. Waliougua ni wawili wanaolala uani, pamoja na mtoto anayeshinda huko na yaya wake mchana kutwa.

Nikamuuliza yaya swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu Machi: unalala wapi?

"Nalala kile chumba cha nyuma, daktari," akanijibu. "Kina harufu kidogo lakini nimezoea. Watu wa juu wakimwaga maji, nayasikia yakipita chini ya kitanda."

Kilichokuwa chini ya kitanda

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kujionea. Tulisogeza kitanda, tukakunja mkeka wa plastiki, na sakafuni pakaonekana alama ya mraba ambapo saruji ilikuwa ya rangi tofauti. Fundi wa mabomba alipoibandua alikuta kifuniko cha chuma. Lilikuwa shimo la kukagulia mabomba, ambalo kwa desturi huwa mahali pa wazi ili mafundi walifikie. Ndani yake lilipita bomba la maji taka la umma, linalochukua uchafu wa nyumba za upande wa juu na kuupeleka kwenye bomba kuu la barabarani. Aliyejenga vyumba vile alilifunika shimo kwa saruji, akaweka kuta na mabati, akauza.

Bomba lilikuwa la zamani, la udongo wa kuchomwa, na kiungo kimoja kilikuwa kimeachana. Mizizi ya mparachichi ilikuwa imejipenyeza humo. Udongo wa pembeni ulikuwa mweusi, umelowa chepechepe. Hatua mbili kutoka hapo palizikwa tangi la saruji la maji ya kunywa, lililochimbwa ili kuvihudumia vyumba hivyo viwili, nalo lilikuwa na ufa. Nyumba kubwa ilikuwa na tangi lake darini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maradhi yalikuwa yakichagua watu.

Nimesimulia haya kwa sababu nina maoni ambayo ningependa uyapime. Tumezoea kuliona jengo lililo juu ya mabomba kama jambo la mawakili na wapima ardhi. Nionavyo mimi, hilo ni jambo la afya kwanza, na mnunuzi asiyelikagua hulinunua pamoja na maradhi yake.

Jambo ambalo hatimiliki haisemi

Wengi hudhani kwamba upekuzi ukitoka safi basi nyumba nayo ni safi. La hasha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 28, inataja haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa katika sajili. Miongoni mwazo ni nyaya za umeme na za simu, na mabomba yaliyowekwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba bomba la umma laweza kupita katika kiwanja chako, likawa na haki ya kuwapo hapo, na karatasi uliyopewa isilitaje hata kwa neno moja.

Kadhalika, ilikuwapo sheria ya njia za mabomba, Sura ya 292, iliyofutwa mwaka wa 2012, ambayo iliipa serikali uwezo wa kupitisha mabomba ya maji taka katika ardhi ya mtu na kukataza kujenga juu yake bila idhini. Aliyejenga juu ya bomba huenda amekwisha kuuza na kuhamia mji mwingine. Wewe uliyebaki na jengo ndiwe utakayebomolewa sakafu siku bomba litakapoziba.

Huko Uingereza, anayetaka kujenga juu ya bomba la umma la maji taka, au ndani ya mita 3 kutoka kwalo, hutakiwa kupata kibali cha kampuni ya maji kwanza. Sababu yao si urasimu. Bomba lisilofikika halikaguliwi, na lisilokaguliwa hutengenezwa baada ya watu kuugua.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini mabomba ya maji taka hayaongezeki kwa tangazo. Sehemu kubwa ya wakazi bado hutumia vyoo vya shimo na matangi ya maji taka. Mabomba yaliyopo yako zaidi katikati ya mji na katika mitaa ya zamani, ambako viwanja vilipimwa vikiwa vipana. Waliolaza mabomba hayo waliyapitisha uani kwa kuwa hawakutarajia mtu kujenga huko. Leo kila ua unageuzwa vyumba vya kukodisha.

Na wewe uliye katika mitaa isiyo na mabomba ya umma usijipongeze. Huko mara nyingi kilicho chini ya vyumba vya uani ni tangi la maji taka au choo cha shimo cha kale kilichofukiwa kwa kifusi. Hatari ni ile ile.

Uchafu huingiaje katika maji safi?

Huenda ukauliza: ikiwa maji ya kunywa yamo ndani ya bomba lake, uchafu unaingiaje?

Maji yanapotiririka kwa nguvu, hata kama bomba lina ufa, husukuma kutoka ndani kwenda nje. Uchafu hauna nafasi. Maji yakikatika, nguvu hiyo huisha, na bomba hufyonza ndani majimaji yoyote yaliyolizunguka. Siku maji yanaporudi, huyasukuma mpaka kwenye mfereji wa jikoni kwako. Katika mitaa yetu mingi maji huja kwa zamu, kwa hiyo kila siku ya mgao ni nafasi nyingine ya uchafu kuingia. Ndiyo maana huwaambia wagonjwa wangu wasinywe wala kukinga maji ya kwanza baada ya ukame wa siku mbili tatu. Wayaache yamwagike kwenye ndoo ya kuoshea choo.

Tangi lililozikwa ardhini ni baya zaidi, kwa sababu maji yake hayana nguvu yoyote ya kuzuia uchafu. Likiwa na ufa na udongo wa nje umelowa maji taka, hunywa uchafu usiku na mchana.

Wala haihitajiki kiasi kikubwa. Vijidudu vya shigela, vinavyoleta kuhara damu, havihitaji kufika hata 100 ili kumwangusha mtu. Kwa njia hiyo hiyo huja homa ya matumbo, kipindupindu, amiba, na ule ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi A.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho, mjini London. Daktari John Snow aligundua kwamba waliokufa walikuwa wakichota maji katika pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wakuu wa mtaa waondoe mpini wake. Lakini maji ya pampu yaliharibikaje? Baadaye lilifukuliwa shimo la maji taka la nyumba nambari 40, iliyokuwa karibu kabisa na pampu. Ilionekana kwamba matofali ya shimo hilo yalikuwa yameoza, na umbali kati yake na kisima haukufika mita moja. Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto mchanga aliyeugua kuhara, na mama yake alikuwa akimwaga humo maji aliyofulia nepi. Nyumba moja yenye shimo bovu iliangamiza mtaa.

Wapo wasemao kwamba siku hizi kuna dawa. Dawa zipo, lakini vijidudu vya homa ya matumbo hapa Kenya vimekuwa sugu kwa dawa za zamani kama kloramfenikoli na ampisilini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Isitoshe, wengi hupimwa kwa kile kipimo cha haraka cha Widal, ambacho mara nyingi hudanganya, na humeza vidonge vya bei bila kuwa na ugonjwa huo. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa kati ya miezi 9 na miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo. Mpeleke mtoto wako achanjwe. Hata hivyo kumbuka kwamba chanjo hiyo haizuii kuhara damu wala kipindupindu, na haizibi bomba.

Harufu si kitu cha kuzoea

Yaya yule alisema amezoea harufu. Neno hilo lilinitia hofu kuliko mengine yote.

Uchafu unapooza mahali pasipo hewa hutoa gesi. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikiwa kidogo huwasha macho, huumiza kichwa na kuleta kichefuchefu. Ikizidi huua hisia ya kunusa, hivyo mtu hudhani imekwisha kumbe ndiyo imekolea. Nyingine ni methani, isiyo na harufu, ambayo hushika moto. Tumesoma mara nyingi habari za vijana walioshuka katika shimo la maji taka kuzibua, mmoja akazimia, wa pili akashuka kumwokoa, na wote wawili wakatolewa wakiwa maiti. Usikubali mtu yeyote ashuke humo bila vifaa vya kupumulia, hata akikuambia ameifanya kazi hiyo miaka 20.

Sinki na choo vina bomba lililopinda ambalo hubaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo mlango unaoizuia gesi isipande chumbani. Chumba cha uani kikikaa bila mpangaji miezi miwili, maji hayo hukauka na mlango ukabaki wazi. Mwaka wa 2003, katika majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong, ugonjwa wa SARS uliwapata watu zaidi ya 300. Wachunguzi walipata kwamba mabomba yaliyopinda ya sakafuni yalikuwa yamekauka, na hewa yenye virusi ilipanda kutoka nyumba hadi nyumba kupitia humo. Kwa hiyo chumba kilicho kitupu kimwagie ndoo ya maji kila wiki.

Wengine hufukiza ubani au hupuliza manukato. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Harufu ni taarifa, na ukiifunika hujaondoa kinachooza.

Vumbi la Nakuru

Inasemekana kwamba jina la mji wetu latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi hilo ni majivu ya volkano, na udongo wa namna hii una tabia ambayo mnunuzi wa nyumba hana budi kuijua. Ukiwa mkavu hubeba ukuta wa mawe bila taabu. Ukipitiwa na maji chini kwa chini, huchukuliwa punje kwa punje mpaka pabaki pango.

Wengi wenu mwakumbuka Machi 2018, mvua kubwa zilipofichua ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wako waliosema Afrika inapasuka. Wataalamu wengine wa miamba walieleza kwamba maji yaliosha majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa kale. Bomba linalovuja chini ya sakafu hufanya kazi hiyo hiyo kwa udogo, tena kiangazi na masika. Ukiona sakafu ya chumba cha uani imezama upande mmoja, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, usidhani ni ufundi mbaya wa seremala.

Wala si mabomba ya maji taka pekee. Bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka wa 1994, na mtaa mzima wa hapa kwetu kando ya barabara ya Nairobi huitwa Pipeline. Yaliyotokea Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011 yatukumbushe. Petroli ilivuja ikaingia katika mtaro uliopita katikati ya vibanda, watu wakaenda kuchota, ikalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Vibanda vingi vilikuwa vimejengwa mahali palipotengwa kwa ajili ya bomba. Mahali pa namna hiyo usinunue hata kwa bei ya kutupwa.

Anayelala uani ni nani?

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Mwenye kutia sahihi mkataba wa kununua nyumba hulala katika nyumba kubwa. Anayelala juu ya bomba ni yaya, au kijana aliyetoka mashambani kutafuta kazi, au mwanafunzi, au mama mkwe mzee aliyeletwa mjini kutibiwa. Hao hawakuulizwa. Harufu ikiwasumbua hunyamaza, kwa sababu yaya anaogopa kupoteza kazi na mpangaji anaogopa kupandishiwa kodi.

Tena yaya huyo ndiye anayepika chakula cha nyumba kubwa na kumlisha mtoto. Hata kama huna huruma naye, jua kwamba tumbo lake na la mwanao hukutana katika sufuria moja.

Ninajua hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Nyumba ni ghali. Kodi ya vyumba viwili vya uani ndiyo inayomwezesha mwalimu au muuguzi kulipa mkopo. Wengine wataniambia kwamba wameishi juu ya bomba miaka 30 na hawajaona lolote. Ni kweli kwamba bomba zima, lisilovuja na linalofikika, laweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Sisemi kila jengo la namna hiyo libomolewe. Nasema lisinunuliwe kabla halijakaguliwa, na pasilale mtu juu ya shimo lililofunikwa.

Ufanye nini?

Kwanza, nenda uione nyumba wakati wa mvua, na uende mara mbili. Sogeza vitanda na mikeka ya vyumba vya uani. Tafuta alama ya mraba sakafuni, ukuta uliolowa chini, mende na panya wengi, au nyasi na mti uliostawi kupita kiasi wakati wa kiangazi.

Pili, tafuta mashimo ya kukagulia. Simama kwenye lile la kiwanja cha juu, kisha lile la chini, uvute mstari machoni. Ikiwa mstari unapita katikati ya jengo, umekwisha kupata jibu.

Tatu, mwite fundi wa mabomba wako mwenyewe, si wa dalali. Amwage maji yenye rangi katika choo na sinki, aangalie yanatokea wapi na baada ya muda gani. Rangi ikionekana katika tangi la maji safi, ondoka. Wapo pia wenye kamera ndogo za kupitisha ndani ya bomba. Gharama yake si kitu ukilinganisha na bei ya nyumba.

Nne, wakili wako aandikie kampuni ya maji na idara ya mipango ya kaunti, aulize kwa maandishi ni mabomba gani yanayopita katika kiwanja hicho, na kama vyumba vya uani vina ramani iliyoidhinishwa. Jibu liwe mkononi kabla ya kulipa amana.

Tano, peleka maji yapimwe. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hapatakiwi kupatikana hata kijidudu kimoja cha E. koli, ambacho ni alama ya kinyesi.

Ukigundua kwamba bomba lipo, bado una njia. Muuzaji aweza kulihamisha kwa idhini ya kampuni ya maji kabla ya kukuuzia, au apunguze bei kiasi cha gharama hiyo. Shimo la kukagulia litolewe nje ya kuta. Tangi la maji ya kunywa lipandishwe juu ya ardhi.

Wengine hudhani watakwepa yote haya kwa kuchimba kisima chao. Kumbuka kwamba kanuni ya kawaida ni angalau mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo, umbali ambao viwanja vingi vya mjini havina. Aidha, maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi.

Na wewe ambaye umekwisha kununua? Mhamishe anayelala juu ya shimo leo, si mwisho wa mwezi. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri. Mwite afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kuamuru bomba linalohatarisha afya litengenezwe. Na ukija kwa daktari, usingoje aulize kama nilivyochelewa mimi. Mwambie umelala wapi, nani mwingine ameugua, na maji mnayachota wapi.

Kwa wakuu wetu nina ombi moja. Ramani za mabomba ya maji na maji taka zisiwe siri ya ofisi. Mwananchi aweze kulipa ada ndogo na kuonyeshwa kilicho chini ya kiwanja anachotaka kununua, kama anavyofanya upekuzi wa hatimiliki. Na nyumba ya mjini isiuzwe bila cheti cha fundi aliyesajiliwa kwamba mabomba yake yamekaguliwa. Tunamtaka muuza nyama awe na cheti cha afya; sioni kwa nini muuza nyumba asiwe nacho.

Familia ile bado inaishi pale pale. Bomba lilihamishiwa kando ya ukuta kwa idhini, chumba kimoja kikabomolewa, na tangi bovu likajazwa mawe. Gharama zake zimemeza kodi ya zaidi ya miaka miwili. Yaya sasa analala ndani ya nyumba kubwa, na mtoto ameanza shule ya chekechea akiwa mzima.

Wewe dalali atakapokufungulia mlango wa vyumba vya uani na kukusifia kodi yake, mwombe kwanza asogeze kitanda.